Ndege ya Mboya: Nani Alilipa Nini?

Septemba 1959 ndege ya kukodi iliwashusha New York wanafunzi 81 kutoka Afrika Mashariki, wengi wao Wakenya. Kufikia 1963 karibu vijana 800 walikuwa wamepitia mpango huo. Kwa kawaida habari hii husimuliwa kama ushujaa wa Tom Mboya, na ushujaa kweli ulikuwepo. Lakini kijana anayejiandaa leo kwenda kusoma ng'ambo atavuna zaidi akiacha sifa pembeni na kukagua mpango wenyewe: nani alilipa nini, lini, na pengo lilibaki wapi.

Gharama za mwanafunzi wa ng'ambo ni mafungu matatu: karo, nauli na hela ya kujikimu. Wengi huyachukua kama mzigo mmoja, kisha wakahangaika kumtafuta mfadhili mmoja wa kuubeba wote. Wasipompata, safari inafia hapo. Mboya na wenzake waliyagawa mafungu hayo, kila moja likatafutiwa mlipaji wake. Huo ndio ufundi wa mpango huu, na ndio pia chanzo cha matatizo yake.

Karo waliviachia vyuo. Aprili 1959 Mboya, kijana wa miaka 28 aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, aliingia Marekani kwa ziara ya majuma kadhaa. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika yote kule Accra, kwa hiyo mialiko haikumpungukia. Alipoitwa kuzungumzia uhuru alizungumzia uhuru, na kabla ya kushuka jukwaani akaomba nafasi za masomo. Hakung'ang'ania majina makubwa. Alipokea nafasi kwenye vyuo vidogo vya makanisa na vyuo vya Wamarekani Weusi, mahali ambapo mwanasiasa mwenye kujisikia asingekanyaga.

Kwa nini vyuo hivyo vilikubali? Wema ulikuwepo, lakini hesabu nayo ilisaidia. Darasani mwalimu yupo tayari, taa zinawaka, kiti kimoja kiko wazi. Kumkalisha mwanafunzi mgeni kwenye kiti hicho bila karo hakukipotezei chuo fedha nyingi taslimu. Kitanda bwenini na sahani tatu za chakula kwa siku ni hesabu nyingine kabisa, maana muuza nyama hasamehi bili. Ndiyo sababu barua nyingi za kukubaliwa zilitaja karo waziwazi, na kuhusu malazi na chakula zikatoa kidogo au zikanyamaza. Ukilielewa hilo utaelewa pia barua nyingi za leo.

Nauli ilihitaji akili ya aina nyingine. Tikiti za mtu mmoja mmoja kuvuka Atlantiki zilikuwa nje ya uwezo wa familia ya mkulima au karani. Hapa ndipo alipoingia William Scheinman, Mmarekani aliyefanya biashara ya vipuri vya ndege, ambaye Mboya alifahamiana naye katika ziara ya 1956. Badala ya kununua viti, wangekodi ndege nzima. Shirika la African-American Students Foundation likaundwa New York kutafuta fedha hizo, na barua ya kuomba michango ikatiwa sahihi na Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson, yule mchezaji wa besiboli. Mmarekani wa kawaida aliyeombwa dola chache alijua zinanunua kitu gani: kiti cha kijana mmoja. Ni rahisi zaidi kuchangia kiti kuliko kuchangia elimu ya Afrika.

Ndege ya kukodi, hata hivyo, ina masharti. Bei yake ni ileile ijae isijae, na siku ya kuruka haisogezwi kwa ajili ya mtu ambaye pasipoti yake imekwama kwenye meza ya ofisa wa kikoloni. Mtihani wa Cambridge wa kumaliza sekondari ulifanywa mwisho wa mwaka na kusahihishwa Uingereza, matokeo yakarudi mapema mwaka uliofuata. Vyuo vya Marekani vilifunguliwa Septemba. Katikati ya hapo ilibidi zipatikane barua ya chuo, pasipoti, viza na ushahidi wa fedha, na za watu wote ziwe tayari kwa tarehe moja. Kalenda ilipangwa kuanzia siku ya kuruka kurudi nyuma, na ambaye karatasi zake hazijakamilika kiti chake kilikwenda kwa mwingine. Mwanafunzi wa sasa hana ndege ya kukodi, lakini anayo tarehe ya kufungua chuo, na ana kila sababu ya kuhesabu kwa mtindo huo.

Uteuzi wa wanafunzi ulifanywa na Mboya, Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri. Kiano alikuwa amepata shahada ya udaktari huko Berkeley, Njiiri alisoma Lincoln University, na Mboya mwenyewe alikaa Ruskin College, Oxford, kwa mwaka mmoja wa masomo. Wote watatu waliwahi kuwa wanafunzi wageni, kwa hiyo walijua maswali ya kuuliza. Serikali ya kikoloni haikufurahia. Ilitaka vijana wapite njia yake nyembamba ya Makerere na vyuo vya Uingereza, na shahada za Marekani ilizitilia shaka. Chuo cha Nairobi kilikuwa kichanga na kile cha Dar es Salaam kilikuwa bado hakijafunguliwa, kilianza 1961, hivyo wenye sifa walikuwa wengi kuliko nafasi.

Likabaki fungu la tatu. Kujikimu kuliachiwa familia, ukoo na jasho la mwanafunzi mwenyewe. Vijijini watu walikusanyika kwenye chai za mchango, mifugo ikauzwa, na kijana akaondoka na fedha ambazo kwao zilionekana nyingi. Kule zilikwisha upesi. Ofisi ya New York, chini ya Cora Weiss, ilijikuta na kazi ambayo haikuwa kwenye hesabu ya mwanzo: kutafutia vijana makoti ya baridi, kazi za likizo na hela ya kumalizia muhula. Hapa ndipo mpango ulipovuja, na sidhani ni haki kumlaumu mwanafunzi aliyeosha vyombo usiku kisha akasinzia darasani.

Hata nauli haikuishia pale ndege ilipotua. Wangari Maathai, aliyesafiri 1960 kwenda chuo cha Mount St. Scholastica mjini Atchison, Kansas, ameeleza katika kumbukumbu zake safari ya basi kutoka New York. Njiani, huko Indiana, yeye na mwenzake waliingia mgahawani kununua soda wakaambiwa wakanywee nje, kwa sababu ya rangi yao. Barua ya chuo haikutaja mambo hayo.

Mwaka huohuo wa 1960 wanafunzi walizidi 250 na fedha zikawa mtihani. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikataa kusaidia. Julai 26 Mboya alikutana na John F. Kennedy, seneta aliyekuwa mgombea urais, kule Hyannis Port, na wakfu wa familia yake Kennedy ukaahidi dola 100,000. Habari zilipovuja, wizara ikagundua ghafla kwamba nayo ina dola 100,000. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Mzozo ukafika hadi Seneti, lakini ndege ziliruka.

Njia iliyoshindana na hii ilikuwa ya Oginga Odinga, mwanasiasa mwingine wa Kenya, aliyewapeleka vijana Urusi na nchi nyingine za Mashariki, wengi wakipitia Kairo. Kule mlipaji alikuwa mmoja: serikali mwenyeji ilitoa tikiti, kitanda na posho. Kwa upande wa fedha njia hiyo ilikuwa salama zaidi. Gharama yake ilikuja baadaye, pale baadhi yao waliporudi na kukuta shahada zao zinatiliwa shaka kama zile za Marekani zilivyotiliwa shaka na mkoloni. Kwangu mimi mpango wa Mboya ulikuwa bora kwa wingi wa milango, na wa Odinga kwa kutomwacha mtu njaa.

Leo serikali zenyewe zimeliingiza fungu la tatu kwenye sheria. Chuo cha Marekani hakitoi fomu ya I-20, ile ya kuombea viza ya mwanafunzi, mpaka uthibitishe fedha za mwaka wa kwanza, kujikimu kukiwemo. Ujerumani, tangu Septemba 2024, inamtaka mwombaji aweke euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, naye huruhusiwa kutoa 992 kila mwezi. Wazazi hulalamika kwamba ni ukuta wa kuwazuia maskini, na kwa sehemu wanasema kweli. Lakini ni swali lilelile ambalo barua za 1959 zililikwepa.

Kwa hiyo ukipokea barua inayosema umesamehewa karo yote, usipige vigelegele kabla ya kuchukua kalamu na kuandika mafungu matatu, jina la mlipaji mbele ya kila moja. Kisha angalia likizo. Mabweni mengi ya Marekani hufungwa wakati wa Krismasi na miezi ya kiangazi, na viza ya mwanafunzi haikuruhusu kufanya kazi nje ya chuo utakavyo. Iandikie ofisi ya wanafunzi wa kigeni uulize utalala wapi na utakula nini miezi hiyo, na upate jibu kwa maandishi kabla hujalipa amana ya kushikilia nafasi.