Kitenzi "run" na hesabu ya maana: je, wingi ni utajiri?

1. Suala lenyewe

Katika mijadala ya vyuo vikuu vyetu husikika mara kwa mara hoja hii: Kiingereza ni lugha tajiri, kwa kuwa neno lake moja laweza kubeba maana mamia, Kiswahili ni maskini, kwa kuwa hakina neno la namna hiyo. Mfano unaopendwa ni kitenzi "run". Mwaka 1989, toleo la pili la Kamusi ya Kiingereza ya Oxford lilipochapwa katika mabuku 20, kitenzi kilichochukua nafasi kubwa kuliko vyote kilikuwa "set". Wahariri wa toleo la tatu walipoifikia herufi R, mambo yaligeuka. Mwaka 2011 ilijulikana kwamba "run", kama kitenzi tu, kimepewa maana 645. Mhariri aliyekishughulikia, Peter Gilliver, alikifanyia kazi kwa miezi tisa hivi.

Makala haya hayapingi hesabu hiyo. Yanapinga hukumu inayojengwa juu yake. Jambo hili si dogo, kwa maana mwalimu anayeamini kuwa lugha yake ni maskini hataifundishia, na mwanafunzi wake hataiandikia. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Tena, tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake wa 1999 uliandikwa kwa Kiingereza. Maandishi ya lugha hiyo yanazidi kutufikia, na wenye kuyatafsiri ni wanafunzi wetu wa leo.

2. Maana hukaa wapi?

Tuchukue mifano ya kawaida. Kwa Mwingereza, kitenzi "run" chafaa kwa mtoto, kwa mto, kwa pua, kwa rangi ya nguo, kwa basi, kwa mashine, kwa mkataba na kwa mtu anayetaka kuchaguliwa. Sisi twasema: mtoto anakimbia, mto unatiririka, pua inachuruzika, nguo inachuja, basi linafanya safari, mashine inafanya kazi, mkataba unadumu miaka miwili, mtu anagombea kiti. Sukari ikimalizika nyumbani, Mwingereza hutumia kitenzi kile kile pamoja na kihusishi. Sisi twasema tumeishiwa.

Je, neno "run" peke yake lina maana hizi zote? Tukilitoa katika sentensi na kulitazama likiwa uchi, hatuoni mto wala mkataba. Maana imeletwa na mtenda, na mtendwa, na kihusishi kinachofuata. Kwa hiyo idadi ya 645 ni idadi ya mazingira ambayo mhariri ameyatenganisha. Mhariri mwingine angeweza kuyaunganisha baadhi yake na kupata idadi ndogo, bila lugha yenyewe kupungukiwa na kitu.

Asiyelijua hilo hupotea upesi. Mwanafunzi hufungua kamusi, huona "kimbia" mbele ya visawe vyote, hufunga kamusi. Kisha hukutana na habari ya bwana ambaye "runs a school", naye huandika: "Bwana huyu anakimbia shule." Sentensi ni sahihi kwa sarufi, lakini inasema kinyume kabisa. Mwalimu mkuu aliyeendesha shule kwa bidii amekuwa mtoro.

Hata wenye Kiingereza hawakubaliani wao kwa wao. Mmarekani anayetaka ubunge hukimbia, Mwingereza husimama. Ndivyo vitenzi vyao vinavyosema. Mfaransa hujitokeza mbele ya watu, na Mswahili hugombea. Kazi ni moja, picha ni nne. Nani aseme ipi ni tajiri zaidi?

3. Kiingereza kilipoteza nini?

Historia yatusaidia kuelewa jinsi lundo hili lilivyokusanyika. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili vilivyohusiana. "Rinnan", ambacho pia kilitamkwa "irnan", kilieleza kukimbia na kutiririka. "Ærnan" kilieleza kukifanya kitu kikimbie, kama vile mtu anavyomkimbiza farasi. Kijerumani hadi leo kinatenganisha "rinnen" kwa maji na "rennen" kwa mwenye miguu. Kiingereza kiliviacha vitenzi vyake vichanganyike, hata umbo moja likabaki kufanya kazi ya anayekwenda na ya anayeendesha. Zilipokuja reli na viwanda, umbo hilo likapewa mitambo. Ilipokuja kompyuta, likapewa programu.

Samuel Johnson aliliona tatizo mapema. Katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755 alililalamikia kundi la vitenzi vya namna hii, "run" kikiwa kimojawapo, kwa kuwa matumizi yake yametawanyika mno hata ni shida kuyafuata. Yeye hakuuita utajiri. Aliuona kuwa mzigo wa mtunga kamusi.

Sehemu ya wingi wa maana, basi, ni matokeo ya kupoteza maumbo. Na maumbo hayo ndiyo hasa ambayo Kiswahili kimeyahifadhi. Enda na endesha, kimbia na kimbiza: tofauti iliyofutika katika "run" inasikika kwetu kila siku katika silabi moja.

4. Hazina ya "kimbia"

Tukitaka kupima kwa haki, tusilinganishe neno na neno, tulinganishe mfumo na mfumo. Kutokana na "kimbia" tunapata kimbilia, kimbiza, kimbizana, mkimbiaji, mkimbizi, ukimbizi, kimbilio. Kila moja lina nafasi yake, wala hakuna anayelichanganya na jingine. Mkimbiaji yuko uwanjani, naye hushangiliwa. Mkimbizi ameacha nyumba yake, naye hutafuta kimbilio. Mashariki ya nchi yetu tofauti hiyo haihitaji kufafanuliwa.

Kiingereza, pamoja na maana zake 645, kilimwita mtu huyo wa pili kwa neno lililotoka Kifaransa, wakati Waprotestanti wa Ufaransa walipokimbilia Uingereza mwishoni mwa karne ya 17. Kukopa si aibu. Kiswahili nacho kimekopa mengi. Lakini mfano huu unaonyesha kwamba neno moja lenye maana nyingi halizuii lugha kupungukiwa.

Tutazame pia maji. Kifaransa na Kiingereza vyote viwili huyaita maji ya kunawia kwa vitenzi vya kukimbia. Mwaka 2020, wakati wa Korona, matangazo ya afya nchini Tanzania yaliwahimiza watu kunawa kwa sabuni na "maji tiririka". Hayakuandikwa "maji yanayokimbia". Aliyetafsiri aliacha neno la kigeni, akatazama maji yenyewe.

5. Upande wa pili wa mizani

Haki inatutaka tuseme mambo mawili zaidi. Kwanza, Kiswahili nacho kina vitenzi vyenye mikono mingi. Twapiga picha, simu, pasi, kura, magoti, hodi na mbio, na katika mengi ya hayo hakuna anayeumia. Vivyo hivyo twala chakula, lakini pia twala kiapo, rushwa, njama na hasara. Mtunga kamusi akiamua kuipa kila sentensi namba yake, "piga" litajaza kurasa. Basi hata dai la kwamba hatuna maneno ya namna hiyo halisimami.

Pili, kuna kinachopotea katika tafsiri. Msomaji wa Kiingereza husikia mwendo mmoja katika mto, katika damu na katika saa za maisha, na mshairi wa lugha hiyo aweza kuuchezea umoja huo. Sisi tukitenganisha vitenzi, mchezo huo unatuponyoka, na mfasiri hana budi kutafuta mwingine. Hasara hiyo ni ya kweli. Hata hivyo ni hasara ya kila tafsiri, nayo hutokea vilevile "kimbilio" au "kimbizana" linapovuka kwenda upande wa Kiingereza.

6. La kufanya

Katika darasa, tuache kuuliza "run" maana yake nini. Tuulize ni nani, anafanya nini, kwa kitu gani, na kihusishi kipi kinafuata. Katika kamusi za lugha mbili, visawe visipangwe kama shanga, kimbia, tiririka, endesha, gombea, pasipo kuonyesha kipi ni cha nani. Kila kisawe kiandamane na sentensi fupi inayomtaja mtenda wake: mto, mashine, mgombea. Kamusi ya namna hiyo itakuwa nene zaidi, lakini mwanafunzi hatamfanya tena mwalimu mkuu kuwa mtoro.

Ama kuhusu utajiri, hesabu ya Oxford inatuambia kwamba Kiingereza kimepata watumishi wenye subira, waliokaa na neno moja kwa miezi tisa. "Piga" bado linamngoja wa kwake.