Juu ya "Sisi" na "Wao" katika Kuandika Desturi

Aandikaye habari za desturi hufikiri ya kuwa kazi yake ngumu ni kukusanya: kuwauliza wazee, kukumbuka majina ya ngoma na ya miti ya dawa, na kupanga mambo kwa taratibu. Twaona ya kuwa iko kazi nyingine itanguliayo hiyo, nayo mara nyingi hupita bila kufikiriwa, yaani kuchagua jinsi atakavyowaita watu anaowasimulia. Akisema "sisi," ameketi nao juu ya jamvi moja; akisema "wao," amesimama mlangoni. Maneno haya ni mafupi, lakini msomaji huyafuata kama mgeni amfuatavyo kiongozi wa njia, na mahali atakapofikishwa ndipo atakapoyaonea mambo yote.

Tulipokuwa vijana wa chuo cha ualimu tuliagizwa kuandika habari za tambiko la kuomba mvua. Tuliandika kwa bidii, tukasifiwa. Wakati wa likizo tulimsomea mjomba wetu, mzee asiyejua kusoma, lakini mwenye sikio kali kwa maneno. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Watu hawa waliochinja mbuzi mweusi ni watu gani, mpwa wangu?" Tukajibu, "Ni sisi, mjomba." Akasema, "Mbona umewasimulia kama watu uliowaona ukipita njia? Mbuzi yule nyama yake ulikula."

Tulitaka kucheka, tukashindwa. Katika makala ile hapakuwa na uongo hata mmoja uwezao kuonyeshwa kwa kidole. Mbuzi alikuwa mweusi kweli, na maombi yalikuwa yale yale. Matendo yote yalikuwa sahihi, ila mmoja wa watendaji alikuwa ameondolewa, naye ndiye aliyeshika kalamu.

Tulipoitazama tena makala ile tuliona ya kuwa "wao" hakuwa peke yake. Alikuwa na msaidizi, naye ni silabi "hu." Vitendo vyetu vya Kiswahili karibu vyote hutanguliza mwenye kutenda: nachinja, wachinja, twachinja. Lakini "huchinja" haimchukui mtu ye yote. Mimi huchinja, wewe huchinja, wao huchinja: neno ni lile lile, na jina likiachwa, mtendaji ametoweka. Tena wakati nao umetoweka, maana hatuambiwi huchinja tangu lini wala mpaka lini. "Hu" ni njema kwa mithali, na kwa mambo yasiyogeuka, kama bahari kupwa na kujaa. Lakini desturi za watu si maji ya bahari. Tambiko lile liliitishwa na mzee mwenye jina, katika mwaka wa ukame ukumbukwao, na wako waliokataa kuja. Hayo yote silabi moja ilikuwa imeyameza.

Baada ya nafsi yafuata maneno yenyewe. Tuliandika ya kuwa watu hawa huamini mizimu yaweza kuzuia mvua. Na katika ukurasa wa pili, juu ya mawingu na pepo za bahari, tukaandika ya kuwa twajua mvua huletwa na upepo. Wao waamini, sisi twajua! Hatukubishana nao wala hatukutoa hoja. Kitendo kimoja kilikata kesi kabla shahidi hajaitwa. Hatusemi ya kuwa mzimu na upepo ni sawasawa. Twasema ya kuwa mwenye hoja yampasa kuitoa waziwazi, asiifiche ndani ya neno. Ndivyo ilivyo kwa mganga na mchawi pia. Katika Kiswahili watu hawa wawili ni wa kinyume: mgonjwa humtafuta mmoja kwa sababu amemwogopa mwingine. Lakini wageni wengi, na baadhi yetu tulioziiga kalamu zao, tuliwaandika wote kwa jina moja, na msomaji wa mbali hawezi tena kufahamu kwa nini mzazi mwenye akili timamu alimpelekea mganga mtoto wake.

Na tutazame sasa vitabu vya waliotutangulia. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, ndiye mwandishi mkuu wa kitabu cha desturi kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Jina la kitabu kile lazitaja desturi za Waswahili, wala si desturi zetu. Wasomaji waliotazamiwa walikuwa Wajerumani wenye kujifunza lugha, na jina la kitabu limesimama upande wao wa meza. Lakini Mtoro huyo huyo alipoandika habari za safari yake ya Udoe na Uzigua, iliyotolewa mwaka 1901, safari aliiita yake, na mila za Wadoe aliziita zao. Hapo "zao" ni haki kabisa, kwa kuwa alikuwa mgeni kwao, na neno lile latuonya ya kuwa macho yaliyoona ni macho ya mgeni. Kusimama nje kwamficha mwandishi katika kitabu kimoja, na katika kingine kwamfunua.

James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa walioachwa huru, alikiita kitabu chake cha mwaka 1934 Uhuru wa Watumwa. Hakusema uhuru wetu. Msomaji aweza kudhani ya kuwa amejitenga na wazazi wake. Sisi twaona ni adabu, maana mnyororo ule hakuuvaa mwenyewe, asitake kujitwalia maumivu ya wengine. Linalotupa shaka ni neno "watumwa." Mtumwa ni mtu aliyetumwa, na mtume naye ni mtu aliyetumwa, mzizi ni mmoja, na mwisho wa neno tu ndio uliompa mmoja heshima na mwingine kamba. Mtu akiisha kuandikwa mtumwa, ni vigumu kukumbuka ya kuwa alikuwa mkulima, au mjukuu wa mtu. Tukisema "watu waliotekwa," mara mtekaji naye anaingia katika habari. Vile vile tukisema "waliachwa huru," tendo lote ni la aliyewaacha; tukisema "walipata uhuru," wao wenyewe wamesimama kwa miguu yao. Hatumlaumu Mbotela kwa neno lililotumiwa na watu wote. Twajilaumu sisi wasomaji, tulipitao bila kusimama.

Je, dawa ni kuandika "sisi" kila mahali? La. "Sisi" ya Kiswahili haisemi kama msomaji yumo au hayumo; tena ni neno lenye mikono mirefu. Mwanamume akiandika, "Sisi twapenda binti zetu wachezwe unyago," amewasemea wanawake ambao hakuwauliza, tena kwa habari za nyumba asiyoruhusiwa kuingia. Hapo "wao" ingekuwa kweli zaidi.

Shauri letu, basi, ni dogo. Mwandishi amtaje mtu na mwaka kila awezapo. Aseme kama alikuwapo au aliambiwa. Na "sisi" aitumie pale tu ambapo wenzake wangeitikia kama wangesomewa. Makala yetu ya ujana tungeiandika upya hivi: "Mwaka ule wa ukame wazee wetu walichinja mbuzi mweusi. Walisema ya kuwa mizimu imekasirika. Baadhi yetu tulisadiki, baadhi hatukusadiki, na nyama tulikula sote." Haina sauti ya elimu kama ile ya kwanza, lakini mjomba angejiona ndani yake.

Msomaji makini atakuwa amekwisha kuona ya kuwa makala hii yenyewe ilianza kwa "hufikiri," ikamsukumia mtu asiye na jina kosa ambalo baadaye tumekiri ni letu. Tumeiacha sentensi ile kama ilivyo, ionekane jinsi mazoea hayo yaijiavyo kalamu kwa wepesi, hata ya mtu aliyekwisha kuonywa.