Kirikou, Mwindo na watoto wetu: maoni juu ya filme na vitabu vya vijana

Utangulizi

Wazee wetu walikuwa wanasema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Zamani sehemu kubwa ya malezi ilifanyika mangaribi, karibu na moto, kwa hadithi, vitendawili na methali. Leo, kuran ikirudi, watoto wanakimbilia televizio na hadithi wanazipata mule. Wachache wenye bahati wanazipata katika vitabu. Sisi hatuoni ubaya katika jambo hilo. Hadithi ni hadithi, itoke kinywani mwa koko au kwenye kioo cha televizio. Lakini mzazi anayeonja chakula kabla ya kumpa mtoto anapashwa kuonja hadithi pia. Ndiyo kazi tunayotaka kufanya hapa: kuonja filme mbili na vitabu viwili vitatu, na kusema wazi tunachopenda na tusichopenda.

1. Mtoto aliyejizaa mwenyewe

Katika parsele tunamoishi, filme iliyoangaliwa mara nyingi kuliko zote ni ile ya katuni inayoitwa "Kirikou et la sorcière", maana yake Kirikou na mulozi. Ilitengenezwa na Mfaransa Michel Ocelot na ilitoka mwaka wa 1998. Ocelot aliishi Conakry, Guinea, alipokuwa mtoto, na hadithi yake aliitoa katika masimulizi ya Afrika ya Magharibi. Muziki ni wa Youssou N'Dour wa Senegali.

Wengi wanaijua. Kirikou anasema na mama yake angali tumboni, kisha anajizaa na kujikata kitovu. Anakuta kijiji kina taabu: chemchemi imekauka, wanaume wamekwisha, na watu wote wanatetemeka mbele ya Karaba, mulozi. Mutoto yule mdogo, asiyefika hata kwenye goti la mtu, anakataa kutetemeka. Kila siku anauliza swali moja tu: juu ya nini Karaba ni mbaya?

Mara ya kwanza tulipoiangalia wote pamoja, koko wa nyumba alikaa nasi. Alicheka sana, lakini alipoona Kirikou anamjibu mzee wa kijiji, akasimama. Akasema: "Ule mutoto anabishanaka na wakubwa vile, na munamupigia makofi?" Watoto wakamjibu: "Koko, lakini iko na haki!" Maneno hayo mawili yalibaki katika mawazo yetu. Tuliona kwamba koko ana haki, na watoto nao wana haki. Maoni yetu yote hapa yanatoka pale.

Kuna wengine waliolalamika juu ya jambo lingine, kwamba bamama wa katika filme wanatembea kifua wazi. Hata wengine waliokuwa na kazi ya kuiuza filme walitaka wavikwe nguo, na Ocelot alikataa. Hapo tunamuunga mkono. Bakoko wetu walivaa vile, na hawakuwa watu bila haya. Aibu inaingia pale mtu anapochorwa ili achekwe. Yeyote aliyefungua "Tintin au Congo", kitabu cha mwaka wa 1931, anajua tofauti. Mule watu wa kwetu wamechorwa sawa watoto wakubwa wasiojua kitu. Mwaka wa 2007 Mkongomani mmoja anayeishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikipeleka kitabu hicho mbele ya tribinali ya Brussels. Mwaka wa 2012 tribinali ilikataa mashtaka yake, lakini swali lake halikufa. Katika Kirikou, kinyume chake, watu wamechorwa kwa heshima: shingo ndefu, mwendo mzuri, rangi nzuri ya ngozi. Mutoto wetu akijiona mule haoni haya.

2. Mwiba wa Karaba na koko wa jirani

Nguvu kubwa ya filme hii iko mwishoni. Kirikou anamfikia babu yake, mwenye hekima anayekaa ndani ya mlima. Anamwomba dawa ya kumlinda. Babu anakataa, juu ya nguvu ya Kirikou ni kule kutokuwa na dawa. Kisha anamfunulia siri: wanaume walimshika Karaba kwa nguvu na kumchoma mwiba wa sumu mgongoni. Mwiba huo unampa uwezo, na tena unamuumiza usiku na mchana. Kirikou anauchomoa kwa meno, na ubaya wa Karaba unakwisha.

Kwetu neno "mulozi" si neno la filme tu. Kuna bamama wazee waliofukuzwa katika vijiji vyao, na wengine waliouawa, juu ya neno hilo. Kuna watoto waliotupwa barabarani kwa sababu mtu alisema kwamba ni bandoki. Sheria yetu inakataza: Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 41, inapiga marufuku kumzushia mtoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inamwadhibu anayefanya hivyo. Lakini sheria inakaa katika karatasi, na neno linakaa katika kinywa cha jirani.

Kwenye avenue yetu kulikuwa na koko mmoja aliyeishi peke yake. Macho yake yalikuwa mekundu juu ya moshi wa makaa. Mtoto wa jirani alipokufa kwa homa, watu walianza kusema chini chini. Siku moja mwana wetu mdogo akatuuliza: "Labda naye iko na mwiba mu mugongo?" Tulifurahi, kwa maana mtoto alimtafutia yule mama sababu badala ya jiwe. Baadaye furaha ilipungua. Kumbe mtoto alikuwa amekubali kwamba yule koko ni mulozi kweli, ila ni mulozi wa kuhurumiwa!

Hapo ndipo tunaikosoa filme. Karaba amefanya mabaya kweli: amewageuza wanaume kuwa vitu vya kumtumikia, amewatesa watu. Koko wa kwetu hakufanya kitu. Filme inamfundisha mtoto kumhurumia mwenye kosa, na hilo ni jema. Haimfundishi kuuliza kwanza kama kosa lipo. Mzazi anapashwa kuongeza funzo hilo kwa kinywa chake, filme ikiisha. Sisi tuliliongeza tukiwa tumechelewa. Yule koko alihamia kwa mwanawe, mbali, kabla hata mtu mmoja wa avenue hajaenda kumsalimia. Na sisi hatukuenda.

3. Mwindo, mwana wa kwetu

Watoto wetu wanadhani kwamba mtoto anayezaliwa akisema ni wa Afrika ya Magharibi peke yake. Hawajui kwamba katika misitu ya Walikale, Kivu ya Kaskazini, Wanyanga walikuwa wanamwimba mwingine kabla ya filme hiyo: Mwindo, anayeitwa Kabutwa-kenda, maana yake aliyezaliwa tu akatembea.

Mwaka wa 1956 mwimbaji Shé-Kárisi Rureke aliimba na kusimulia hadithi hiyo kwa siku 12 mbele ya Daniel Biebuyck, Mbelgiji. Akifanya kazi pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Kinyanga, Biebuyck aliitoa katika kitabu mwaka wa 1969 huko California, kwa Kinyanga na Kiingereza. Ni kazi kubwa, tunaishukuru. Lakini ni kitabu cha wataalamu. Katika shule tulizofundisha hatukukiona hata siku moja.

Hadithi yenyewe ni hii kwa kifupi. Shemwindo, mwami wa Tubondo, aliwaamuru wake zake saba wazae mabinti tu. Mwana wa kiume atauawa. Mke wa saba akamzaa Mwindo. Baba akamtupia mikuki, ikamkosa. Akamzika, Mwindo akatoka. Akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni; ngoma ikasafiri hadi kwa shangazi yake Iyangura. Akiwa na usinga wake mkononi, na kwa msaada wa wajomba wahunzi, Mwindo alirudi kupigana na baba yake. Baba akakimbilia kuzimu, mwana akamfuata hata kule.

Sasa msomaji anangoja mwana amuue baba. Hapana! Anamrudisha nyumbani. Baraza linafanyika, baba anakiri kosa lake mbele ya watu wote, shangazi Iyangura anasema neno lake, na ufalme unagawanywa kati ya baba na mwana. Hata watu waliokufa vitani Mwindo anawafufua.

Na hadithi haikomi hapo. Mwindo, aliyezoea kushinda na kujisifu, anaua joka lenye vichwa saba, bila kujua kwamba ni rafiki wa Nkuba, Radi. Nkuba anamchukua juu mbinguni. Kule shujaa wetu anapigwa na baridi, mvua na jua mwaka mzima, na hakuna wa kumsifu. Anarudi akiwa amenyenyekea, na sheria anazowapa watu wake ni za amani: limeni mazao ya kila namna, msigombane, msimcheke kilema anayepita kijijini.

Tulipoisoma sehemu hiyo kwa kuitafsiri mbele ya koko, alitikisa kichwa akasema: "Ule sasa ni mutoto. Alikuwa na haki, halafu wakamufundisha." Hatujui kama kuna muhakiki angesema vizuri zaidi.

Hiyo ndiyo tofauti tunayoiona. Katika Kirikou, wakubwa wa kijiji ni waoga na wajinga, na yule mzee anayejidai ni wa kuchekwa tu. Hekima yote iko kwa babu aliye mbali mlimani na kwa mama. Kirikou mwenyewe hakosi hata mara moja. Katika Mwindo, baba anakosa na anasahihishwa. Mwana naye anakosa na anasahihishwa. Katika nchi ambapo vijana wengi wamepewa bunduki na kuambiwa kwamba ni mashujaa, tunamhitaji shujaa anayefundishwa kunyenyekea. Na katika nchi ambapo wakubwa wengi hawajui kuomba msamaha, tunamhitaji mwami anayekiri mbele ya baraza.

4. Binti wa Katwe

Msidhani kwamba funzo hilo ni la zamani tu. Mwaka wa 2016 ilitoka filme "Queen of Katwe" ya Mira Nair, juu ya maisha ya kweli ya Phiona Mutesi, binti wa Katwe, kartye maskini ya Kampala, kwa jirani zetu Uganda. Phiona anauza mahindi, kisha anafundishwa sataranji na mwalimu Robert Katende, na anawashinda watoto wa shule kubwa. Mama yake, anayechezwa na Lupita Nyong'o, anaogopa kwamba ndoto hizo zitampotosha binti.

Tunaipenda filme hii kwa sababu haimcheki mama. Woga wake una sababu: njaa, kodi ya nyumba, wanaume wa barabarani. Na binti naye, akishaonja sifa, anaanza kudharau kazi za nyumbani. Anaposhindwa katika mashindano makubwa kule Urusi, analia, na mama anampokea. Kila mmoja amejifunza kwa mwenzake. Kosa lake ni kwamba kila kitu kinaisha vizuri upesi kidogo, kwa nyumba mpya. Maisha ya Katwe, sawa ya kwetu, hayaishi vile kwa kila mtoto. Lakini ni filme ambayo koko, mama na mtoto wanaweza kuiangalia pamoja bila mmoja kusimama.

5. Mwindo aandikwe kwa lugha gani?

Wengine watatuuliza: nani atawapa watoto Mwindo, na kwa lugha gani? Hapo tunawaonyesha "Aya de Yopougon" ya Marguerite Abouet, mzaliwa wa Abidjan, iliyochorwa na Clément Oubrerie na kutoka mwaka wa 2005. Ni bande dessinée juu ya binti anayetaka kuwa mganga wakati rafiki zake wanatafuta dansi na wanaume. Vijana wakubwa wanaisoma wakicheka. Sababu moja ni lugha: watu wanasema Kifaransa cha Abidjan, kile cha sokoni, na mwandishi hakukionea haya.

Sisi huku tunaonea haya Kiswahili chetu. Tunasema si bora, ni cha barabarani. Matokeo yake mtoto anasoma Kifaransa asichokisikia nyumbani, na anasikia Kiswahili asichokiona kitabuni. Mwindo akiandikwa kwa Kiswahili kinachosemwa Goma na Bukavu, pamoja na picha, na nyimbo zikiachwa kwa Kinyanga jinsi zilivyo, watoto watamkimbilia sawa wanavyomkimbilia Kirikou.

Neno la mwisho

Hatusemi kwamba Kirikou aondolewe nyumbani. Abaki. Swali lake, "juu ya nini?", ni zawadi kwa mtoto. Tunaomba tu mambo matatu. Wazazi, kaeni na watoto filme ikiendelea, na zungumzeni ikiisha. Walimu, simulieni Mwindo darasani hata kabla kitabu hakijapatikana. Na ninyi vijana mnaojua kuchora na kuandika, nendeni Walikale, njia ikiruhusu, mkae na wazee wanaobaki, muwasikilize mpaka mwisho.

Na kama kwenye avenue yenu kuna koko anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu ya moshi, mtumeni mtoto ampelekee sahani ya chakula leo mangaribi. Sisi tulichelewa.