Ya Nani?

Mhakiki mkali kuliko wote niliowahi kuandamana nao hajui kusoma. Ana miaka miwili na nusu, ni mtoto wa dadangu, na maswali yake ni mawili tu: "Nini hii?" na "Ya nani?" Ukitaka kujua kama makumbusho yanajieleza, yaingie na mtu kama huyu. Maandishi ya ukutani hayamsaidii na tarehe hazimtishi. Kitu chenyewe kiseme, la sivyo anakuvuta mkono muende.

Tulienda Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi Jumapili moja ya Aprili, mimi, dadangu, mamangu na huyo bwana mdogo. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na ndani ya nyumba hakukuwa na kiti alichobakisha kukipanda.

Alianza na Ahmed. Huyu ndiye tembo wa Marsabit mwenye pembe ndefu aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta, akafa mwaka 1974. Sanamu yake, ya ukubwa wa tembo mwenyewe, imesimama uani. Mtoto alimtazama kutoka mlangoni, akashtuka: "Analowa!" Akataka tumpelekee mwavuli. Sisi wakubwa tulicheka, lakini fikiria kidogo. Sanamu hiyo ipo kwa sababu nchi iliamua mnyama mmoja asiachwe bila ulinzi. Mtoto hakusoma neno hata moja, na bado aliona kwamba huyu ni wa kulindwa. Kazi ya sanaa ikifanya hivyo imemaliza kazi yake.

Penye vibuyu, mhakiki alibadilika. Mamangu, ambaye husoma kwa taabu siku hizi kwa sababu ya macho, alisimama mbele ya vibuyu akaanza kuongea. Hiki ni cha uji. Hiki, ukikiangusha, utaulizwa na ukoo mzima. Kibuyu huoshwa hivi, hufukizwa hivi, kikipasuka hushonwa, hakitupwi. Mtoto alitulia dakika kumi nzima, na kwa umri wake hizo ni kama semina.

Makumbusho mengi niliyoingia huongea na mtu mmoja tu: mtu mzima, msomi, aliye peke yake na asiye na haraka. Lakini sisi huja kwa mafungu. Tunakuja na shosho, na mtoto mgongoni, na binamu aliyetoka ushago jana. Katika fungu hilo, mwenye maelezo mara nyingi si ukuta. Chumba kizuri cha makumbusho ni kile kinachompa shosho nafasi ya kuanza hadithi, na benchi ya kukalia akiimalizia.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo kwenye mifupa ya Mvulana wa Turkana nina upendeleo wangu. Mwaka 1984, karibu na Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya changarawe za rangi ileile. Kipande hicho kilifungua njia ya kupatikana kwa mifupa ya mtoto aliyeishi karibu miaka milioni 1.5 iliyopita. Kimeu hakupitia chuo kikuu. Alianza kazi akichimba, akajifunza kwa kutazama, na digrii ya heshima ya udaktari ikamfikia 2021, mwaka mmoja kabla hajafariki. Kuna usomi wa macho. Huyu mpwa wangu, anayeokota kila kijiwe njiani na kukigeuzageuza, yuko darasa hilohilo.

Alipoonyeshwa mifupa, aliuliza: "Mtoto?" Ndiyo, mtoto. Kisha likaja lile swali la pili: "Wa nani?"

Hilo ndilo swali ambalo makumbusho yoyote yanapaswa kuliogopa. Jengo hili lilipofunguliwa 1930 liliitwa Coryndon, jina la gavana wa kikoloni, na hilo lilikuwa jibu tosha la enzi hiyo. Baada ya uhuru jina likabadilika, lakini swali halikuisha. Mwaka 2021 maonyesho ya Invisible Inventories yaliletwa hapahapa, yakiwa na makabati ya kioo yaliyoachwa matupu makusudi, kuwakilisha vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo. Waandaaji walikuwa wamevihesabu zaidi ya 32,000. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iko British Museum huko London mpaka leo. Wakubwa wana maneno mengi ya kuzungukia jambo hilo: uhifadhi, mkopo, urithi wa dunia. Mtoto wa miaka miwili, ambaye anaijua vizuri sana tofauti ya "yangu" na "yako", hahitaji hayo maneno.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa wanaopanga maonyesho ni huu. Kabla ya kufungua milango, leteni watu wasiojua kusoma, walio na urefu wa mita moja hivi, pamoja na nyanya zao. Wafuateni kimya. Pale watakaposimama, ongezeni benchi. Pale watakapouliza "ya nani", msiwapeleke chumba kinachofuata kabla ya kuwajibu.