Kuiagiza Ngalawa

Iambie programu ya akili unde ikuchoree ngalawa, nawe utaletewa chombo kizuri ajabu ambacho mvuvi wa Kizimkazi hawezi kukubali kukipanda. Mara kina ubao wa kuelea upande mmoja tu, mara tanga la mraba kama la meli za Ulaya za zamani, mara kamba zimefungwa hewani. Wengi huishia hapo, wakailaumu mashine au wakaichapa picha hivyohivyo. Yupo mbunifu mmoja wa majalada ya vitabu vya watoto, hapa Dar es Salaam, ambaye kwake hapo ndipo kazi inapoanza. Napenda kukaa kando yake nikimtazama.

Jina la chombo analiacha kabisa, anakibomoa kwa maneno. Gogo moja lililochongwa, jembamba, limepauka kwa chumvi. Miti miwili imekingama juu yake, na kila ubavu una ubao unaogusa maji. Mlingoti mmoja mfupi. Tanga moja la pembetatu lenye viraka, limebebwa na ule mti mrefu wa mshazari ambao mabaharia huuita foromali. Kisha anasema mtazamaji yuko wapi: amesimama ufukweni, maji yamemfika magotini, chombo kinamjia. Kisha mwanga: jua ndiyo kwanza linachomoza, liko nyuma ya tanga. Mwisho anaeleza kwamba anataka mchoro wa rangi za maji kwenye karatasi yenye mikwaruzo, si picha ya kamera. Mpangilio huo hauvunji: kitu, jicho, mwanga, aina ya mchoro.

Sababu yake iko ndani ya mashine yenyewe. Stable Diffusion, programu anayoitumia, iliyotolewa Agosti 2022, ilifunzwa kwa picha chungu nzima za intaneti pamoja na maelezo yaliyoandamana nazo, sehemu kubwa kwa Kiingereza. Ikipewa agizo huanzia kwenye chenga tupu, kama za televisheni iliyokosa mawimbi, kisha huziondoa hatua kwa hatua kuelekea kile maneno yanachosema. Neno ngalawa huenda haikulikuta mara nyingi, lakini gogo, pembetatu na kitambaa chenye viraka inavijua vizuri. Kwa hiyo anayeweza kukieleza kitu kiungo kwa kiungo humshinda anayejua jina lake tu, na ili ukieleze hivyo lazima uwe umekitazama kweli.

Uvumilivu wake ndio unaonivutia zaidi. Programu hiyo humruhusu kufunga namba ya mbegu, yaani namba inayoamua zile chenga za mwanzo. Akishaifunga hubadilisha neno moja, anatazama, anabadilisha jingine. Hivyo anajua ni neno gani limeleta ukungu na ni lipi limeharibu mkono wa nahodha. Mkono ukiharibika haitupi picha nzima, huufunika ule mkono peke yake na kuagiza uchorwe upya. Rasimu humwonyesha mvuvi. Safari moja mvuvi aliangalia kidogo tu, akasema tanga limejaa upepo wa kutoka baharini ilhali mawimbi yanakimbilia huko huko baharini. Kazi ikaanza tena.

Kisha kuna kanga za watu anaowachora. Pindo na mji programu hiyo huviweza vikielezwa. Jina, yaani yale maneno ya kwenye ukanda, ndilo linaloishinda, huchora vijiherufi vinavyofanana na maandishi na havisomeki. Yeye huagiza ukanda uachwe mtupu, kisha huliandika jina mwenyewe kwenye programu ya usanifu, akizikunja herufi zifuate mikunjo ya nguo kiunoni. Jioni nzima inaweza kuishia hapo. Msomaji hatajua, lakini mama atakayemsomea mwanawe atalisoma jina lile bila kusita.

Kwa maandishi hutumia ChatGPT, na hapo hubadili mwendo. Hamwagi ombi la mstari mmoja. Huipa hadithi yote, huiambia wasomaji ni watoto wa darasa la tatu wanaosoma kwa sauti, huitajia urefu wa maandishi, kisha huitaka iulize maswali kabla ya kuandika lolote. Maswali hayo mara nyingi yana faida kuliko majibu. Akiletewa matoleo kadhaa huchukua sentensi moja, mengine anayaacha, anaisoma kwa sauti mpaka Kiswahili chake kipoteze harufu ya ofisi. Jina la mtu, mwaka au kitabu huvihakiki kwingine, maana programu hizi hutaja kisichokuwepo kwa uhakika uleule zinaotaja kilichopo.

Uvumilivu wa aina hii si wake peke yake: huko Marekani, Jason Allen alishinda kundi la sanaa za kidijitali kwenye maonyesho ya jimbo la Colorado mwaka 2022 kwa picha aliyoitengeneza kwa Midjourney, programu nyingine ya aina hiyo, akaeleza baadaye kwamba aliibadilisha kwa maagizo yasiyopungua 624. Nayaamini hayo, nimeona kazi ilivyo. Lakini namheshimu zaidi Mjerumani Boris Eldagsen, aliyeshinda kwenye Sony World Photography Awards mwaka 2023 kwa picha ya akili unde kisha akaikataa tuzo, akisema picha za akili unde na picha za kamera zisishindanishwe.

Mbunifu wetu naye huandika, kwenye ukurasa wa haki miliki, kwamba picha imetengenezwa kwa akili unde na kurekebishwa kwa mkono. Mchapishaji mmoja alimtaka aifute sentensi hiyo. Mbunifu alimrudishia malipo ya awali, akaichukua picha yake.