Filamu Yenye Namba za Kurasa

Kila upande uliohusika na kuanguka kwa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ulikuwa na maneno yake tayari. Ubelgiji ilisema imerudisha askari wake Kongo, Julai 1960, ili kuwalinda raia wake. Umoja wa Mataifa ulisema hauegemei upande wowote, ingawa mwanzoni mwa Septemba maofisa wake walifunga viwanja vya ndege na kituo cha redio cha Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kwa hatua hiyo walimnyamazisha Lumumba, huku hasimu wake, Rais Joseph Kasavubu, akiweza kutumia redio ya Brazzaville, ng'ambo ya mto. Marekani ilisema inauunga mkono Umoja wa Mataifa. Kiongozi wa Umoja wa Kisovyeti, Nikita Khrushchev, akamshutumu Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld kuwa kibaraka wa wakoloni na kumtaka ajiuzulu. Ukiisoma kila kauli peke yake, inasimama. Soundtrack to a Coup d'Etat, filamu ya Mbelgiji Johan Grimonprez iliyotoka mwaka 2024, imeundwa ili kauli hizo zisipate tena nafasi ya kusomwa peke yake.

Filamu ina urefu wa dakika 150 na haina msimulizi wa kutushika mkono. Badala yake skrini inajaa maandishi: nukuu fupi za kumbukumbu za wanasiasa, wajasusi na wanadiplomasia, zimepigwa kwa herufi nene zenye sura ya majalada ya santuri za jazi, na chini yake jina la mwandishi, jina la kitabu na namba ya ukurasa. Hizo namba za kurasa ndizo uti wa mgongo wa kazi hii. Filamu nyingi za hali halisi huficha vyanzo mwishoni, katika majina yanayopita mbio watu wakiwa wameshainuka vitini. Hapa chanzo kinaletwa papo hapo, wakati shutuma inatolewa. Allen Dulles, mkuu wa CIA, anaonekana na kiko chake, mtulivu kama mwalimu mstaafu. Ni huyu aliyetuma simu ya maandishi tarehe 26 Agosti 1960 akiagiza kwamba kumwondoa Lumumba ni lengo la kwanza na la haraka. Utulivu wa uso na ukali wa waraka vikiwekwa jirani, mtazamaji hahitaji kuambiwa nani anadanganya.

Grimonprez na mhariri wake, Rik Chaubet, wameitegemea ngoma kuziunganisha picha na nukuu hizi. Mapigo ya mpiga ngoma wa jazi Max Roach yanaongoza mikato: hotuba inakatwa katikati, pigo linaanguka, na tayari tuko katika mji mwingine. Kilele cha mbinu hiyo ni tarehe 15 Februari 1961, siku mbili baada ya kutangazwa kifo cha Lumumba, ambapo watu wapatao 60, miongoni mwao mwimbaji Abbey Lincoln na mwandishi Maya Angelou, waliingia katika Baraza la Usalama mjini New York na kupiga kelele wakati balozi wa Marekani, Adlai Stevenson, akizungumza. Abbey Lincoln alikuwa ameshapiga mayowe mengine, studioni, katika albamu ya We Insist! aliyoifanya na Roach mwaka 1960. Filamu inayaunganisha mayowe ya sanaa na mayowe ya ukumbini, na kwangu huo ndio ushahidi wake mzito kuliko yote: kwamba watu weusi wa Harlem waliliona jambo la Kongo kuwa lao, na walijua la kulifanyia.

Lakini muziki katika filamu hii si mtakatifu, na hapo ndipo ilipo heshima yake. Mpiga tarumbeta Louis Armstrong alifika Léopoldville mwishoni mwa Oktoba 1960, akiwa katika ziara iliyogharamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Picha za siku ile zinamwonyesha amebebwa juu juu kitini, umati ukishangilia. Lumumba alikuwa katika mji huohuo, amefungiwa nyumbani kwake. Mwezi uliofuata tarumbeta likapigwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, katika Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo ambalo Marekani haikulitambua rasmi, na ziara hiyo ikawapa maofisa wake kisingizio cha kufika huko. Grimonprez hamkejeli Armstrong. Analiacha tabasamu lake lidumu kitambo, mpaka furaha ya mpiga muziki na hesabu za waliomtuma zionekane kwa pamoja.

Matangazo ya leo ya simu na magari ya umeme yanayokatiza picha za kale yamewaudhi baadhi ya watazamaji. Mimi nayatetea. Urani nyingi ya mabomu ya 1945 ilitoka Shinkolobwe, Katanga, na kobalti ya betri inatoka ukanda huohuo. Kelele ya rangi zile ina haki ya kuwemo.

Tatizo langu liko kwingine. Mwendo wa ngoma unalipa kila jambo uzito uleule. Tarehe 5 Septemba Kasavubu anamfukuza Lumumba. Tarehe 14 Kanali Mobutu wa jeshi la Kongo anatwaa madaraka. Tarehe 22 Novemba Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa linaukubali ujumbe wa Kasavubu kwa kura 53 dhidi ya 24, na siku tano baadaye Lumumba anatoroka kuelekea Stanleyville, ngome ya wafuasi wake. Kila hatua hapa ilihitaji uamuzi wa Wakongo wenyewe, wenye hofu zao, tamaa zao na mahesabu ya majimbo yao. Filamu inawachora vizuri waliotoa fedha kuliko waliozipokea. Inapopunguza mwendo, kwa kumbukumbu za Andrée Blouin, aliyekuwa mkuu wa itifaki wa Lumumba, au kwa sauti ya mwandishi In Koli Jean Bofane, Kongo inakuwa nchi yenye watu. Nilitamani isimame hapo zaidi.

Ndiyo maana namkumbuka Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, ambaye kati ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake katika picha 101 juu ya vitambaa vya magunia ya unga, akimweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili cha mji huo. Katika picha yake ya kifo cha Lumumba, kiongozi huyo amelala chini pamoja na Mpolo na Okito, wenzake waliouawa pamoja naye, damu ya ubavuni inaandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja, na nyuma kuna misalaba mitatu. Muuaji hayumo. Tunajua leo kwamba waliofyatua risasi walikuwa Wakatanga chini ya amri ya Wabelgiji, mbele ya Tshombe, kiongozi wa Katanga, na mawaziri wake. Tshibumba alichora chini ya utawala wa Mobutu, ambaye mwaka 1966 alimtangaza Lumumba shujaa wa taifa ingawa yeye mwenyewe alihusika na kuanguka kwake, kwa hiyo kutomchora muuaji yeyote ilikuwa busara. Lakini ni umbo pia: mahali anaposimama mtazamaji, hatua chache tu kutoka kwenye miili, ndipo waliposimama wenye bunduki. Filamu inatuzungusha New York, Moscow na Brussels ili tuwaone wahusika. Turubai hii inatukazia miguu mahali pamoja.

Na Tshibumba hakuwa na namba za kurasa za kutaja. Alimaliza mfululizo wake mwaka 1974. Ripoti ya Seneti ya Marekani kuhusu njama za kuwaua viongozi wa nje, iliyofichua mpango wa CIA wa kumpa Lumumba sumu, ilitoka Novemba 1975, na bunge la Ubelgiji halikumaliza uchunguzi wake mpaka 2001.