Isukuti ya Kompyuta: Namna ya Kuitambua Iliyo Bora

Aliyekulia Khayega, magharibi mwa Kenya, hahitaji kufundishwa jinsi isukuti nzuri, ngoma ya jamii za Isukha na Idakho, inavyolia. Ameisikia ikiandamana na fahali kwenda kiwanjani kupigana, ameisikia harusini na matangani. Sikio hilohilo ndilo la kupimia isukuti iliyotungwa studio kwa kinanda kidogo cha MIDI, bila ngoma hata moja chumbani.

Tangu ilipoanza mwaka 1983, MIDI haibebi sauti bali maagizo: noti ipi, ianze lini, iishe lini, ipigwe kwa nguvu gani. Nguvu hupimwa kuanzia 1 hadi 127. Traki ambayo kila pigo lake lina 100 imekufa. Hata hivyo, usishangilie upesi ukiona namba zikipanda na kushuka, kwa kuwa programu ina kitufe cha kuzivuruga ovyo. Mpigaji wa Isukha au Idakho huongeza nguvu kwa sababu: mwimbaji amemchokoza, mchezaji amejitosa katikati. Tafuta sababu hiyo ndani ya wimbo. Usipoipata, mkono haupo.

Kisha fanya jaribio ninaloliamini kuliko yote. Isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kila moja yastahili traki yake. Zima moja, sikiliza zilizobaki, uirudishe, uzime nyingine. Katika kazi bora, ukizima ya kati, ile kubwa hubaki inauliza bila kujibiwa. Unahisi pengo lenyewe. Ukizima na wimbo usitetereke, jua zote tatu zilikuwa zikisema neno moja. Studio nyingi huangukia hapa, na sauti ghali haiwezi kuziokoa.

Kuhusu muda, programu inaweza kuvuta kila pigo likae sawasawa kwenye gridi. Mimi napenda isahihishe nusu tu, ili pigo lililokawia libaki limekawia kidogo.

Sampuli, yaani sauti zilizorekodiwa ambazo maagizo ya MIDI huziliza, nazo zina siri yao. Pigo moja lililorekodiwa mara moja na kurudiwa haraka hulia kama bunduki ya rashasha. Maktaba nzuri hurekodi pigo lilelile mara kadhaa, la kiganja na la ncha za vidole, la wazi na la kuzibwa, kisha huyapokezanisha mapigo hayo. Wengi hutumia konga iliyokuja na programu, na mtu wa Khayega hung'amua kabla ubeti haujaisha. Afadhali kuwaita wapigaji wenyewe, kuwalipa, na kurekodi kila ngoma pigo kwa pigo. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Maktaba kama hiyo, yenye ridhaa ya wapigaji, ni hifadhi pia.

Pembe ya paa inayoandamana na ngoma hizo sijaisikia ikiigwa vizuri kwa kinanda. Pumzi ya mpulizaji huipinda sauti kabla haijatulia, kwa hiyo msimamishe mbele ya maikrofoni.